Kabla Umeze Hiyo Tembe, Uliza Inashika Breki Gani

Kila nikiweka video lazima mtu mmoja aulize kwa komenti: "Buda, kwani uliacha chuo juu ya nini?" Nimekuwa nikijibu na mzaha. Leo najibu vizuri, na kuna sababu.

Wiki mbili zimepita, kijana wa huku Kalamba, mdogo wangu kwa miaka minne, aliingia inboksi akanitumia picha. Karatasi ya kaki imekunjwa, ndani kuna tembe sita. Hakuna jina la dawa. Hakuna maandishi yoyote. Akauliza: "Brathe, hizi ndio ulikuwa unatumia? Nikimeza mbili ntatulia kabla ya mtihani?"

Hiyo picha ilinikalia vibaya, juu karatasi kama hiyo niliwahi kuwa nayo mfukoni kwa wiki nane. Ndio ilinitoa chuo.

Niseme msimamo wangu mapema ndio mtu asisome nusu aende kunitukana. Sipingi dawa za wasiwasi. Zimenisaidia, na kuna moja bado natumia. Kitu napinga ni mtu kumeza dawa inayoshika ubongo wake bila kuambiwa inashika wapi, na itakuja kumwachilia vipi. Hiyo kwangu si matibabu. Ni kamari.

Venye ilianza

Nilikuwa mwaka wa pili. Natoka nyumbani narudi Nairobi, tuko kwa matatu, jam ya Mlolongo imeshika. Ghafla moyo ukaanza kupiga kama mtu anagonga mlango. Vidole vikafa ganzi. Koo likafunga. Nikajua hapa nakufa. Nikapiga kelele konda anishukishe, nikakaa kando ya barabara na begi langu nikilia, mtu mzima.

Nilipimwa. Moyo uko sawa, presha iko sawa, sukari iko sawa. Nikaambiwa "enda upumzike." Basi. Hakuna mtu aliniambia hicho kitu kina jina, kwamba ni shambulio la hofu, na kwamba halijawahi kuwa lako pekee yako.

Likarudi kwa lekcha. Likarudi siku ya kusimama mbele ya darasa kuongea. Nikaanza kuogopa hata kuogopa kwenyewe. Rafiki akanionyesha duka fulani la dawa, sitataja ni wapi. Muuzaji hakuniuliza hata umri. Akanifungia kwa kaki, akasema, "Meza nusu ya hii, utalala kama mtoto."

Na kweli nililala kama mtoto. Niwe mkweli hapo. Usiku wa kwanza nilihisi kama mtu amezima redio yenye ilikuwa imepiga kelele kichwani miezi mitatu. Nilitaka kulia kwa furaha. Wiki ya pili nusu haikutosha, nikameza nzima. Wiki ya tano, mbili. Wiki ya nane pesa ikaisha, nikaacha siku moja tu, kama kuacha soda.

Usiku tatu sikulala hata kidogo. Mikono inatetemeka, taa inauma macho, wasiwasi umerudi mara mbili ya ule wa kwanza. Mitihani ilikuwa wiki hiyo. Sikuingia hata mmoja. Mwaitu akauza mbuzi wawili kunilipia nauli na madeni ya kodi, nikarudi Kalamba. Hiyo ndio jibu la swali lenu.

Sasa tuongee mwili

Aliyenielezea ni afisa wa kliniki kwa kituo cha afya cha serikali, yule sisi wote huita daktari. Alichukua kalamu akachora nyuma ya karatasi. Dakika kumi tu. Nilikasirika sana siku hiyo, juu kama mtu angenipa hizo dakika kumi mwanzoni, pengine sai ningekuwa mwaka wa nne.

Ndani ya kichwa kuna kipande kinaitwa amigdala, kidogo kama lozi. Kazi yake ni kunusa hatari. Ikipiga king'ora, mfumo wa neva unatuma habari hadi kwa tezi zilizokaa juu ya figo, na hizo zinamwaga adrenalini. Moyo unaenda mbio, damu inakimbilia misuli, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka. Huo si ugonjwa. Ukikaribia kukanyaga kifutu kwa shamba la mbaazi, hicho king'ora ndio kitakuokoa. Ugonjwa ni king'ora kikilia kila siku na nyoka hayuko.

Sasa chukua boda boda. Ubongo wako nao una mafuta na una breki. Kemikali kubwa ya kuvuta mafuta inaitwa glutameti. Kemikali kubwa ya breki inaitwa GABA. GABA ikifika kwa seli ya neva inafungua kamlango, na chembe za kloridi zinaingia ndani. Ndio, kloridi ile ile iko kwa chumvi ya jikoni. Zikishaingia, hiyo seli inakuwa ngumu kuwaka. Seli nyingi zikitulia hivyo, king'ora kinanyamaza.

Kuna familia ya dawa zinaitwa benzodiazepini. Diazepamu ndio maarufu, wazazi wetu wanaijua kwa jina la Valium. Hii dawa haifungui huo mlango yenyewe. Inakaa kando ya mlango, halafu GABA yako mwenyewe ikibisha, mlango unafunguka mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Kwa ufupi, haikuletei breki mpya. Inakaza breki zenye uko nazo. Ndio maana inashika haraka, ndani ya saa moja ushalegea. Ndio maana pia inaleta usingizi, inalegeza misuli na inazuia degedege. Hospitalini hii ni dawa ya kuokoa maisha. Mtu akiwa na kifafa hakikatiki, hiyo familia ndio wanakimbilia.

Lakini ubongo si mjinga. Ukiona breki inakazwa kila siku na mtu wa nje, unajirekebisha. Unapunguza nguvu ya breki zake, unaongeza mafuta kidogo, ndio mambo yalingane. Hapo dozi ya jana haishiki leo. Hapo ndio nilitoka nusu nikafika mbili, na nilidhani ni mwili wangu umekuwa sugu, kumbe ni ubongo unafanya kazi yake.

Sasa siku ukiacha ghafla, fikiria uko kwa mteremko wa Nzaui na pikipiki. Breki zimelegea, mafuta yamefunguliwa, na aliyekuwa anakushikia breki ameruka. Kwangu ilikuwa kutetemeka na kukosa usingizi. Kwa mtu ametumia dozi kubwa kwa muda mrefu, inaweza kuwa degedege, na degedege hiyo inaweza kuua. Kwa hivyo kama unasoma hii na uko ndani, tafadhali usitupe tembe zote chooni leo kwa hasira. Enda uone mtu wa afya akupunguzie pole pole. Mimi kupunguza kulichukua zaidi ya miezi miwili.

Na pombe? Pombe inashika mlango ule ule wa GABA. Kaluvu, kegi, ya chupa, haijali. Ukichanganya na hizi tembe, breki zinakazwa mara mbili mpaka ile sehemu ya ubongo inayosukuma pumzi inalala. Mtu analala kwa sherehe, asubuhi haamki. Hii familia ndio hutajwa sana kwa zile stori za Nairobi za mtu kuwekewa "mchele" kwa kinywaji, na Rohypnol, yenye kule Pwani vijana wanaita bugizi, ni ndugu wa damu wa diazepamu. Kwa hivyo hiyo kitu unameza ukiita dawa ya usingizi, mwingine anaitumia kama silaha. Dawa ni ile ile.

Wale wa muguka pia nawaona. Unatafuna mpaka saa nane usiku, usingizi umekataa, unatafuta tembe ikulaze. Umevuta mafuta mpaka mwisho halafu umekaza breki mpaka mwisho. Pikipiki hata ya chuma haiwezi hiyo maisha.

Si dawa zote ni breki ya haraka

Hapa ndio watu wengi hawajui. Sikujua pia.

Kuna propranololi. Hiyo haigusi mlango wa GABA. Inazuia adrenalini isishike moyo, kwa hivyo kifua hakigongi na mikono haitetemeki, lakini mawazo kichwani yanabaki yale yale. Inasaidia watu wengine wenye hofu ya kusimama mbele ya watu. Lakini mtu wa asma akipewa, mirija ya pumzi inaweza kufunga. Unaona? Dawa moja, mtu mmoja inamsaidia, mwingine inampeleka wodi. Na kwa karatasi ya kaki hakuna mahali pameandikwa "Je, uko na asma?"

Halafu kuna zile za pole pole, kama fluoksetini na sertralini. Hizi zinafanya serotonini ikae muda zaidi kati ya seli, na kwa wiki kadhaa ubongo unajipanga upya mpaka king'ora kinaacha kulia ovyo. Hazikulazi usiku wa kwanza. Zinachukua wiki mbili mpaka sita ndio uone tofauti, na siku za mwanzo unaweza hata kuhisi vibaya zaidi. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 lazima mtu akufuatilie hizo wiki za mwanzo, juu wengine huja na mawazo ya kujidhuru. Hazikufanyi utafute dozi zaidi na zaidi kama zile za breki, ingawa nazo huachwa pole pole.

Ukiangalia mwongozo wa madaktari, kwa wasiwasi wa muda mrefu hizi za pole pole pamoja na ushauri nasaha ndio huja kwanza. Zile za haraka ni za siku chache au wiki chache, ukiwa umezidiwa. Sasa angalia mtaa. Sisi tunapata ile ya haraka kwa kaunta bila swali hata moja, na ile ya pole pole wengi hatujawahi hata kusikia jina lake. Tumegeuza dawa ya dharura ikawa chakula cha kila siku.

Na si sisi wa kwanza kukosea. Hizi benzodiazepini ziligunduliwa na mkemia anaitwa Leo Sternbach, Myahudi aliyekimbia Ulaya wakati wa vita akaenda kufanya kazi na Roche huko New Jersey, Marekani. Librium ilitoka 1960, Valium 1963. Kwa miaka mingi Valium ikawa kati ya dawa zilizoandikwa zaidi na madaktari Marekani, na mama wa nyumbani ndio walikuwa wanapewa sana. Mahali hasa inashika ndani ya ubongo wanasayansi walikuja kupapata 1977. Dunia ilimeza miaka 14 ndio ikajua inashika wapi. Wao angalau walikuwa na sababu ya kutojua. Sisi mwaka huu tuna sababu gani?

"Omba tu, itaisha"

Najua wengine mmefika hapa mkisema afadhali basi mtu asiguse dawa kabisa. Subiri kidogo.

Nikirudi nyumbani mwaitu alidhani nimerogwa. Simlaumu. Mwana ametoka na begi la vitabu amerudi anatetemeka, wewe ungefikiria nini? Alinipeleka maombi. Mzee mmoja akasema zamani ningechezewa kilumi, zile ngoma za Ukambani za mtu aliyeshikwa na pepo. Sicheki hata kidogo. Watu waliniwekea mikono, wakanipikia, wakakaa na mimi. Kutoachwa pekee yako ni dawa pia. Hata kupumua pole pole, ukitoa pumzi ndefu kuliko ile umeingiza, kunaamsha neva inaitwa vagasi na hiyo inapunguza mwendo wa moyo. Hiyo ni breki ya bure, umezaliwa nayo, na mimi hutumia kila siku.

Shida ni ule mtu wa kusema "ukimeza dawa umekosa imani," ama "dawa za kichwa ni za wazimu." Huyo na yule muuzaji wa kaki nawaweka kikapu kimoja. Mmoja anakataza bila kuelewa, mwingine anauza bila kueleza, na katikati kuna kijana wa miaka 19 hajui afanye nini.

Na hatuhitaji kuchagua kati ya kanisa na kliniki. Hapa hapa Makueni, miaka ya katikati ya 2010, shirika la Africa Mental Health Foundation la Profesa David Ndetei lilifanya kitu wengi wenu hamjasikia. Walikalisha pamoja wauguzi, maafisa wa kliniki, wahudumu wa afya wa vijijini, waganga wa kienyeji na waombeaji. Waganga na waombeaji wakafundishwa kutambua mtu mwenye shida ya akili na kumtuma kwa kituo cha afya. Wauguzi wakafundishwa kumtibu kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Si Nairobi, si Ulaya. Ni kaunti yetu hii ya maembe. Kwa hivyo mtu asiniambie haiwezekani huku.

Serikali nayo isijifiche. Jopokazi lake lenyewe lilisema mwaka wa 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa na kaunti zikapewa majukumu. Sawa. Sasa mimi kama mwananchi nataka vitu viwili vidogo. Moja, ile dawa ya pole pole na mtu wa kuongea naye viwe kwa kituo cha afya kilicho karibu, si lazima nipande gari hadi Wote ama Nairobi. Pili, duka la dawa linalouza diazepamu bila karatasi ya daktari lichukuliwe hatua. Hiyo dawa iko kwa orodha ya dawa zinazodhibitiwa za mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Si pipi.

Maswali matatu

Wakati hayo yote hayajafika, wewe beba maswali matatu. Ukipewa tembe yoyote ya kutuliza, uliza:

Inaitwaje? Jina kamili, liandikwe.

Inashika wapi? Ni breki ya haraka, ni ya moyo, ama ni ya pole pole? Mwambie pia kama una asma, mimba, unakunywa pombe ama unatumia dawa zingine.

Nitaacha lini na vipi?

Mtu akishindwa kujibu hayo matatu, usimpe pesa yako. Usimtukane pia. Toka tu.

Ukizidiwa usiku na hakuna mtu wa kuongea naye, 1199 ni laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Kama ni kutumia dawa ama pombe kumekushinda, 1192 ni ya NACADA, pia bure.

Sasa, yule kijana wa picha. Nilimwambia asimeze, tukaenda pamoja na karatasi yake mpaka kituo cha afya. Tulipanga foleni kutoka saa mbili mpaka saa sita, na njiani alitaka kurudi mara mbili. Afisa wa kliniki alichukua tembe moja akaiinua kwa mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na alama yoyote. Akairudisha kwa kaki akasema, "Kijana, mimi nimesomea hii kazi, na siwezi kukuambia hii ni nini."

Mtihani wake ni Jumatatu ijayo. Hakupewa tembe yoyote siku hiyo. Alipewa mtu wa kuongea naye, alifundishwa kupumua, na akaandikiwa siku ya kurudi. Juzi alinitumia ujumbe kwamba bado anaogopa, lakini sasa anajua ni king'ora tu, nyoka hayuko.

Zile tembe sita hatukurudi nazo. Tuliziacha hapo kwa meza.